Dume letu Feri, na kwa nini hatukungoja Idd

Basi tangu tumuuze Feri, dume letu la ng'ombe, kwa mchinjaji, maswali yamekuwa mengi, kila mtu na lake. Kuna wanaosema tumeharakisha, kuna wanaosema tungengoja kidogo tukapata pesa nzuri, na binamu yangu wa Likoni mpaka leo akinipigia simu sauti imebadilika manake alishajipangia shea yake ya udhia, ile nyama ya kuchinja Idd kubwa. Wacha niandike mara moja hapa niwe nawatumia tu.

Jibu fupi ni hili: ng'ombe dume ambaye ashamwendea mtu kwa makusudi akambana hafugiki tena, basi. Hauzwi kwa mfugaji mwenzio, wala hafungwi kwa mnazi akangojwa atulie. Anakwenda kwa mchinjaji na anakwenda mapema. Jibu refu ndio hilo linalofuata, mwenye haraka aishie hapa.

Kwanza kwa wale ambao Mombasa yao ni kutoka Kizingo mpaka Nyali, ami yangu anafuga Mwakirunge, ni Mombasa hii hii, ni Kisauni, lakini ukifika kule utasahau kama kuna mji karibu, ni minazi na mihogo na vumbi. Ana ng'ombe wa maziwa, machotara wa Friesian na Jersey, si wengi, maziwa yanateremshwa asubuhi na boda mpaka Bamburi na Kisauni kwa wateja wa miaka. Huyu dume alizaliwa hapo hapo. Mamake alipata ndigana kali baada ya kuzaa, ile ya kupe, akafa, ndama akabaki hana mtu. Shangazi akamlea kwa chupa nyuma ya jiko, pamoja na watoto, na wao ndio waliompa jina Feri manake ukimpa maziwa alikuwa kama feri ya Likoni, haondoki mpaka ajae.

Na alikuwa mzuri wallahi. Kuna vidio bado iko kwa grupu la familia, watoto wanamsukuma na vipaji vya nyuso na yeye anasukuma, kila mtu acheka. Sasa ukiitizama ile vidio leo mwili wasisimka, kwa sababu ule haukuwa mchezo kwa upande wake, ile ndio lugha ya madume. Ndama dume akilelewa peke yake kwa chupa, hana wenziwe wa kumfunza adabu, anakua akijua watu ndio kabila lake. Temple Grandin, yule mama wa Marekani ambaye kazi yake maisha yote ni tabia za mifugo, amelisema hili kwa miaka mingi, kwamba dume aliyelelewa mikononi ni hatari kuliko yule ambaye anawaogopa watu, manake yule muoga atakukimbia, huyu wa mikononi akifika umri wa kutafuta ukubwa atakuja kuutafuta kwako. Umri wenyewe ni kama mwaka na nusu mpaka miaka miwili hivi, na unazidi mbele. Ule msemo wetu wa mafahali wawili hawakai zizi moja ni kweli tupu, tatizo ni kwamba Feri alishamhesabu kijana wetu wa kazi kuwa ndiye fahali wa pili.

Halafu watu wanadanganyika na mambo mawili. La kwanza ni pembe. Feri hakuwa na pembe, zilichomwa akiwa mdogo, kwa hivo kila mgeni akija anasema aa huyu hana neno. Dume hahitaji pembe kukumaliza, ana zaidi ya nusu tani nyuma ya kichwa, anakubana ukutani ama chini halafu anakusaga kwa kipaji na magoti. La pili ni aina ya ng'ombe. Watu wanaogopa Boran ama wale wa wafugaji wenye nundu na mapembe, wakati wafugaji wenye uzoefu dunia nzima watakwambia madume ya ng'ombe wa maziwa ndio wabaya zaidi, na Jersey, yule mdogo mwenye macho ya mrembo, ni mmoja wa wale wanaoogopwa kabisa.

Dalili zilikuwapo. Ilianza kwa kufuata, kijana akiingia zizini dume aja nyuma yake taratibu kwa mbali, akigeuka naye asimama. Wakasema anamzoea. Baadaye ikawa akikuona anakupa ubavu. Hili nataka mlisome vizuri manake wengi hawalijui: dume anayetaka vita haanzi kwa kukukimbilia na kichwa, anasimama upande, anakuonyesha urefu wa mwili wake wote, shingo imetuna, mgongo umejikunja, kichwa kiko chini kidogo na jicho la upande wako limetoka mpaka waona weupe. Hapo anakupima, anakuuliza utapisha ama hupishi. Ukikaa anaanza kuparura mchanga na kujirushia mgongoni, anasugua shingo chini, anaguruma kwa ndani ile sauti ya chini unayoisikia kifuani kabla ya maskioni. Ukiona hivo usipige kelele, usimpe mgongo wala usitoke mbio, rudi kinyumenyume pole pole huku wamtizama, nenda kwa pembeni mpaka utoke kwa eneo lake, na tangu mwanzo ujue geti liko wapi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi baada ya kukamua. Nilikuwa nje ya geti napima maziwa. Kijana ameingia na ndoo ya pumba iliyochanganywa na mashudu ya nazi, Feri yuko ndani na ng'ombe jike manake mmoja alikuwa kwenye joto, yaani anataka kupandwa, na dume akawa amesimama ubavu katikati yake na geti. Kijana amemjua tangu ndama, akampiga kofi la mgongo, "Toka Feri, pisha." Hakukimbia yule mnyama. Watu wanafikiri ni lazima apige mbio, pale alihitaji hatua mbili tu, kichwa kikashuka na kijana akawa kwa ukuta, ule wa mawe ya kuchonga, na ndoo imebanwa kati yao inakunjika, nasikia ile bati. Ami akaingia na fimbo, akampiga, akampiga, wapi, ngozi haikutingishika hata. Kijana akateleza chini, akajivuta akaingia chini ya kihori cha saruji, na dume akapiga magoti, jamani, akapiga magoti akaanza kumtafuta kule chini kwa pua.

Kilichomtoa ni akili ya shangazi. Alifungua geti kubwa akawaswaga majike wote watoke nje, na Feri alipoona wenziwe wanaenda akainuka akawafuata akanza kunusa yule mwenye joto, katulia kabisa, utadhani hakuna kilichotokea.

Kijana alipigwa eksirei, mbavu zimevunjika, mapafu yakasalimika alhamdulillah. Maneno yake ya kwanza kwa ami alipokwenda kumuona hospitali: "Mzee, mimi kazi naitaka, lakini mimi na yule, mmoja."

Basi jioni tukakaa barazani, na hapo ndio nilijua ugumu wa jambo hili, manake kila mtu alikuwa na hoja na si hoja za kijinga.

Ami alitaka angojwe mpaka Idd kubwa. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili, na sote twajua Mombasa bei ya dume inavyopanda siku zile. Kisheria ya dini Feri alikuwa amekamilika, ng'ombe wa udhia ni awe ametimiza miaka miwili, hana kilema, na watu saba wanaweza kushirikiana, na ukali si kilema. Mpango wa ami ulikuwa atiwe pete ya pua, afungwe mnyororo, alishwe anenepe. Kwenye karatasi ni mpango safi. Lakini pete ya pua inatiwa dume akiwa na miezi tisa mpaka mwaka, akiwa anakamatika, anafundishwa kuongozwa nayo akikua. Dume wa umri ule ambaye ashajua watu hawana nguvu, nani anamshika pua? Hatuna banio la kumfungia ng'ombe asisogee, hatuna zizi la dume lenye vyuma ambalo unamwekea maji na majani ukiwa nje, wala upenyo wa kutorokea ambao mtu aweza kupita na ng'ombe hawezi, tuna ukuta na geti la mabati. Na mnyororo ukishafungwa, mtu bado ni aende pale kila siku, asubuhi na jioni, miezi miwili. Nikamwambia, "Ami, samahani, hiyo faida ya Idd itakuja kwetu, lakini anayeingia mle zizini kuingojea ni mtoto wa watu." Akaninyamazia.

Mjomba upande wa pili akasema ahasiwe, awe maksai, watu wamefanya hivo tangu zamani. Tukampigia daktari wa mifugo, tukaweka spika. Alisema kuhasi kunasaidia sana kama ni ndama, na kwa dume mzima homoni zitashuka kweli, hamu ya majike itapungua, lakini alichojifunza hakitoki na mapumbu. Ashajifunza kwamba akimsukuma mtu, mtu anaanguka. Tena dume wa ukubwa ule ni kumdunga ganzi, kumfunga, kidonda kikubwa, na nzi wa huku kwetu na joto hili, kwa faida gani, upate maksai mkubwa ambaye bado humuamini.

Kwenye WhatsApp sasa ndio kulikuwa na vituko. Mmoja anasema mpelekeni Kakamega kwa Waisukha na Waidakho akapigane na madume wenziwe Jumamosi, mwengine apandishwe jahazi mpaka Pemba kwa mchezo wa ng'ombe, ule wanaosema uliachwa na Wareno. Nilicheka kidogo. Pemba wale ng'ombe hawauliwi na wachezaji wana mbinu zao za miaka, lakini kumsafirisha mnyama kama yule baharini, na vibali vya nchi mbili, haya endelea kuota.

Sasa hoja iliyonikera, na nasema wazi ilinikera, ni ya kumuuza. Kuna jamaa upande wa Kaloleni alikuwa anatafuta dume la mbegu, pesa mkononi, na mmoja wa wazee pale barazani (simtaji, anajijua) akasema mpeni huyo, ama mkamuuze soko la Bamba, kule hakuna anayeuliza. Ati "kila mtu na bahati yake". Nikasema hapana. Ukimuuza na ukasema ukweli hakuna mfugaji atakayemnunua, na akimnunua hata hivo basi pengine ndiye asiyefaa kuwa naye. Na usiposema, hiyo ni ghushi, kuficha aibu ya mali unayouza, dini yetu imelikataza na hakuna pale ambaye hajaisikia ile hadithi ya Mtume, mwenye kutughushi si katika sisi. Halafu si aibu ya ng'ombe asiyetoa maziwa ambayo mtu anakula hasara ya pesa. Huyu atamkuta mke wa mtu anakwenda kisimani. Na sheria nayo, hii tuliyorithi kwa Waingereza, jambo la kwanza inalotizama mnyama akiumiza mtu ni kama mwenyewe alijua ni mkali. Sisi tulikuwa tunajua, tuna eksirei. Kwa mfanyakazi ndio zaidi, kuna ile sheria ya fidia ya ajali za kazini ya 2007, inamhusu mwenye ng'ombe watano sawa na mwenye kiwanda.

Tena kuna jambo dogo ambalo lilikuwa linanisumbua hata kabla ya yote haya, Feri alikuwa anapandisha ng'ombe wa majirani kwa malipo. Dume anayezunguka hivo ndiye anayechukua magonjwa ya uzazi zizi hadi zizi, brusela na mengine yanayotoa mimba, na brusela inaingia kwa watu kupitia maziwa yasiyochemshwa. Kwa hivo hata huo utajiri wa dume la mbegu tulikuwa tunaupigia hesabu nusu.

Aliyemaliza mjadala ni shangazi, yeye aliyemlea. Alikuwa kimya muda wote anachambua mchicha, akasema bila kuinua kichwa: "Mtoto wa watu akifa mle, utamwambia nini mamake? Wangoja Idd?" Ami akaomba namba ya mchinjaji.

Upande wa kumtoa nitasema kidogo kwa faida ya mwenye shida hii sasa hivi. Mchinjaji tulimwambia kila kitu kabla hajaja, ili alete watu wanaojua na kanta yenye vyuma imara. Kibali cha kusafirisha mifugo kilichukuliwa kwa ofisi ya vetinari. Ami alitaka dume adungwe sindano ya usingizi apakiwe kwa raha, daktari akakataa, ukimdunga dawa nyama inabidi ingoje muda wake mpaka dawa itoke mwilini, na mchinjaji mwenyewe swali lake la kwanza lilikuwa hilo, ametiwa dawa yoyote karibuni? Na usimchokoze wala kumkimbiza siku ile, si kwa huruma tu, dume aliyepigwa na kuhangaishwa anamaliza sukari ya misuli, nyama inatoka nyeusi, kavu, na inaharibika upesi, wachinjaji wanaijua kwa macho na bei inashuka.

Tulitumia kile alichotufundisha shangazi. Kanta ilirudishwa nyuma mpaka kwa kilima kidogo cha udongo tulichokipiga jana yake, kiwe sawa na sakafu ya gari, tukaweka mageti pande mbili. Ng'ombe jike mzee ambaye alishakauka na alikuwa anauzwa pia akatangulizwa ndani, na majani ya nepia mbele yake. Hakuna mtu aliyesimama ndani ya ile njia. Watoto walipelekwa kwa jirani. Tukafungua. Feri akasimama, akanusa mchanga, akatupa ubavu wote tuliokuwa nyuma ya geti, na kwa muda nikajua leo hapandi. Yule jike akalia mara moja ndani ya gari, Feri akapanda. Kama ungempita njiani ungesema huyu ng'ombe mpole wameenda naye wapi.

Pesa ilikuwa chini ya ile ya Idd, ndio, binamu, najua. Sehemu yake ilienda kwa matibabu ya kijana na mshahara wake wa muda aliokaa nyumbani, na ami alitoa bila kuambiwa.

Sasa swali linalobaki ni ng'ombe watazaaje, na hapa namtetea ami, hakuwa anafuga dume kwa ujinga. Mbegu ya sindano, ile ya kumpandisha jike bila dume, huku Pwani ina taabu yake. Mbegu zenyewe hazina shida, kituo cha taifa kule Kabete kinazitoa tangu 1946, ziko za kila aina na hata za kuchagua ndama jike, lakini zinakaa kwenye naitrojeni ya baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na hiyo ikiisha mtungini mpandishaji hana kazi. Halafu joto letu linawafanya ng'ombe wafiche dalili, mchana hawaonyeshi kitu, jike anakuja kwenye joto usiku linakwisha kabla hujajua, na ukikosa wangoja tena siku 21. Dume alikuwa anajua mwenyewe, hapigiwi simu.

Kwa hivo kazi imeongezeka. Alfajiri kabla ya kukamua na tena baada ya magharibi kuna mtu anakaa kutizama nani anampanda nani, nani amesimama akubali kupandwa, nani ana ute. Aonekanaye asubuhi anadungwa jioni, aonekanaye jioni anadungwa asubuhi ya pili. Kijana amerudi, ndiye mwenye jicho zuri kuliko sote, na ameshawadungisha wawili, mmoja akarudi kwenye joto na mmoja bado hajarudi. Kijana ameshakubaliana na shangazi, ikitokea ndama dume akazaliwa, atakaa na ndama wenziwe, chupa itapitishwa kwenye uwavu wa geti, na daktari ataitwa na ile koleo yake ya kuhasi mapema, hata awe mzuri vipi.